Mbona hata vyura wanaisha?

SWALI: Mhariri, hivi viumbe pori wanaisha sababu ya majangili tu? Mbona vyura na nyuki nao wanapungua na hakuna anayewawinda?

JIBU: Ndugu msomaji, ujangili ni sehemu tu. Nchi kavu kinachomaliza zaidi ni sisi kuchukua makazi yao, msitu unafyekwa unakuwa shamba, kinachobaki kinakatwa vipande na barabara, wanyama wanashindwa kukutana na kuzaana, afu wanapotea kimyakimya. Baharini ndo uvuvi unaongoza. Ripoti ya 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa linalotathmini hali ya viumbe hai na mazingira yao, ilisema spishi kama milioni 1 ziko hatarini, inaniuma sana. Nyuki wanadhurika na dawa za mashambani, na vyura wanauliwa na kuvu wa ngozi tuliyemsambaza wenyewe kwa biashara ya kusafirisha vyura.