Mizani iwe karibu na tableti

MUULIZE MFAMASIA

SWALI: Jambo mama. Mimi ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya hapa Katuba, Lubumbashi. Tumeletewa tableti mbili na printa ndogo ili tuache kuandika ordonansi, yaani karatasi za dawa za mgonjwa, kwa mkono. Wauguzi wangu wananung'unika kwamba foleni ya asubuhi itarefuka. Je, nianze na wagonjwa wote siku moja? Na yale madaftari ya karatasi, niyakusanye niyafungie?

JIBU: Jambo, dada yangu. Barua yako imenifurahisha sana. Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya kaunta hapa Kamalondo nikisoma miandiko ya wauguzi na madaktari. Kuna ordonansi naiinua dirishani, naigeuza huku na huku, mwisho namuuliza mgonjwa: "Mama, walikuambia unaumwa nini?" Nikishajua ugonjwa ndipo nakisia dawa. Kufanya kazi kwa kukisia kunanitia hofu hadi leo, kwa hiyo anza tu.

Ila usianze kabla ya kusikia kisa hiki. Siku moja nililetewa karatasi safi kutoka kituo fulani, imepigwa chapa vizuri: glibenklamidi miligramu 25, kila asubuhi. Mgonjwa alikuwa mzee wa kisukari. Kidonge chenyewe ni cha miligramu 5, maana yake angemeza vitano kwa mpigo, sukari imshuke hadi azimie. Nikampigia simu muuguzi. Kumbe aliandika 2,5, yaani nusu kidonge, kwa mkato kama tulivyofundishwa shuleni. Programu ilikuwa imepangwa kwa nukta. Ikaumeza ule mkato, ikabaki 25. Kwenye karatasi ya mkono ningeuona mkato, hata ungekuwa umeandikwa vibaya. Pale hapakuwa na cha kutilia shaka, na kijana wangu wa kaunta alikwisha kuanza kuhesabu vidonge.

Kwa hiyo kaa na fundi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Andika 2,5, andika 0,5, chapisha, kisha usome kilichotoka kwenye karatasi. Usiridhike na kilichoonekana kwenye kioo.

Jambo la pili ni uzito. Vile vidonge vya malaria vya artemether na lumefantrine, vya miligramu 20/120, hutolewa kwa kilo za mgonjwa: kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni kimoja, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Mwambie fundi aipange programu ikatae kuendelea kama mtoto hajapimwa. Wauguzi watasema inachelewesha. Ni kweli inachelewesha, na hapo usilegee hata kidogo. Lakini na wewe wasaidie: weka mizani pale pale karibu na tableti. Ikibaki chumba cha chanjo, watu watajaza kilo 10 kwa kila mtoto ili foleni isogee.

Usianze na wote. Anza na wagonjwa wa presha na kisukari, maana dawa zao hurudi zile zile, na ordonansi ya mwezi uliopita huitwa tena kwa kugusa mara moja. Hapo foleni itapungua na manung'uniko yatapoa yenyewe. Kwenye orodha ingiza dawa mnazotumia kweli, kwa jina la DCI, yaani jina la dawa yenyewe na si la kampuni, basi. Orodha ikiwa ndefu kidole huteleza kwenye jina la jirani.

Tena ujue kwamba ulichopewa ni nusu ya kazi. Estonia, tangu 2010, ordonansi huingia kwenye hifadhi ya taifa. Mgonjwa huenda duka lolote la dawa na kitambulisho chake, na mfamasia huandika humo alichotoa. Tableti yako haizungumzi na mimi. Mgonjwa uliyemwandikia dawa nne akija na pesa ya moja, wewe hutajua. Akirudi, mwombe alete pakiti zenyewe mkononi. Wala usiichanganye na DHIS2, programu ambayo zoni ya afya hukusanyia takwimu za mwezi. Ile haimwandikii mtu dawa.

Kuhusu printa: kama ni ile isiyotumia wino, karatasi yake ni kama ya risiti, joto huifuta. Mama mmoja wa presha alifungua pindo la kitenge mbele yangu akatoa ordonansi ya miezi mitatu: nyeupe pe. Alikuwa ameitunza kama pesa. Wagonjwa wa namna hiyo waandikie pia kwa kalamu kwenye kadi yao. Na kila karatasi itokayo ipigwe kashe, yaani muhuri, na kutiwa sahihi, la sivyo duka makini litamrudisha mgonjwa.

Madaftari usiyafungie. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na tableti imezimika, mtoto mwenye homa hawezi kungoja. Acha daftari moja mezani, na kaboni yake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jioni aliyeandika ndiye aingize mwenyewe kwenye tableti, kwa jina lake na neno lake la siri, wala si kwa la mwenzake.