Kulala Kando ya Ruvuma

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi na wenzangu wawili tunataka kushuka Ruvuma kwa mtumbwi, siku nne, tukivua na kulala njiani. Tulale wapi? – Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ngojeni mvua ziishe. Kuanzia Juni maji hupungua, mafungu ya mchanga yakatokeza. Yanavutia, lakini mimi silali pale.

Jua halijazama, kagueni ukingo mkitafuta njia ya kiboko: mifereji miwili sambamba, katikati kigongo cha nyasi, kinyesi kimetapakaa vichakani. Usiku hupanda huko kula majani, na ukimzibia njia ya kurudi majini hana simile. Hema liwe mbali nayo, juu kabisa. Perege msiwapare pale mnapochota maji. Mamba naye ana pua.

Mchana pitieni maji mafupi, mkigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili kiboko aibuke mapema mkamwona.

Mkiteremka, kushoto ni Tanzania, kulia Msumbiji. Laleni kushoto, maelezo ya mpakani hayaishi. Mkifika mdomoni mtaingia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ulizieni kibali kabla ya kutupa mshipi.