Kwa Bibi Maabara: Chenga za barafu, mwani wa shangazi na tui lililokatika

Shikamoo Bibi Maabara. Nauza askrimu ya maziwa ya vikombe hapa Tanga, natengeneza nyumbani. Siku ya kwanza inakuwa laini, lakini ikikaa wiki kwenye friza inajaa chenga za barafu. Muuza vifaa vya keki akanishauri niweke unga wa gundi ya guari, ule wa kuongeza uzito unaotokana na mbegu za mmea wa guari. Kweli chenga zimepungua, ila sasa rojo, yaani mchanganyiko kabla sijaugandisha, likilala kwenye friji linaachana, na askrimu ikiyeyuka bakulini inatangulia kutoa majimaji yanayoangaza. Kwenye pakiti ya askrimu ya dukani nimeona E407, naambiwa ni mwani. Shangazi yangu analima mwani Paje. Nikimwomba mfuko mmoja nikachemsha, nitapata hicho hicho? – Mama Nasra, Tanga

Marahaba mwanangu. Tuanze na chenga. Askrimu iliyo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri haijaganda yote. Kama robo ya maji yake bado ni sharubati nzito ya sukari, na ndani yake zimetapakaa fuwele ndogo za barafu. Mashine nzuri inazitoa zikiwa na upana wa mikromita 30 hadi 50 (mikromita elfu moja ndiyo milimita moja). Zikivuka hapo ulimi unaanza kuzihisi. Sasa umeme ukatike, au watoto wafungue friza kila saa kutafuta maji baridi. Joto linapanda kidogo, fuwele ndogo zinayeyuka kwanza, na baridi ikirudi maji yale hayaanzishi fuwele mpya, bali yanajibandika kwenye zile kubwa zilizosalia. Aliye nacho huongezewa. Hali hiyo ijirudie wiki nzima, ndiyo unapata chenga.

Gundi ya guari haizuii maji kuganda, na anayekuambia hivyo anataka kukuuzia tu. Ni minyororo mirefu ya sukari. Kadiri maji yanavyogeuka barafu, ndivyo minyororo hiyo inavyosongamana ndani ya sharubati iliyobaki, na maji yanayoyeyuka yanakosa wepesi wa kuzifikia fuwele kubwa. Inachelewesha, basi. Poda haitibu friza mbovu. Kabla hujanunua pakiti nyingine, vikombe vyako vipate friza yao wenyewe, isiyofunguliwa kwa ajili ya samaki.

Tuje kwenye majimaji. Maziwa yana protini iitwayo kasini, iliyojikusanya katika vibonge vidogo visivyoonekana kwa macho, na vibonge hivyo havipatani na guari. Mnyororo wa guari unataka nafasi kubwa. Vibonge viwili vikikaribiana, hauwezi kupenya katikati yao, hivyo katikati panabaki bila gundi huku nje minyororo ikisukuma kutoka kila upande. Vibonge vinalazimika kukutana. Vikishakutana vingi, rojo linagawanyika: sehemu moja imejaa kasini, nyingine imejaa gundi, na hiyo ya pili ndiyo inayokuangazia bakulini. Maziwa hayajaharibika. Lakini ukiona majimaji usikimbilie kuongeza guari, maana ndiyo unachochea ugomvi. Gundi ya mbegu za mti wa karobu, inayosifiwa sana na wapishi wa mitandaoni, ina tabia hiyo hiyo.

Hapo ndipo E407 inapohitajika. Jina lake karagenani, inatoka kwenye mwani mwekundu, nayo ni ya aina kadhaa. Aina iitwayo kapa hutoka kwenye mwani wa kotonii, na iitwayo iota kwenye mwani wa spinosamu. Kapa ina salfeti zenye chaji hasi zinazoiwezesha kushika uso wa vibonge vya kasini, na rojo linapopoa minyororo yake inashikana yenyewe kwa yenyewe. Wavu unaotokea ni dhaifu mno, hata ukikoroga huuhisi, ila unatosha kuzuia vibonge visikimbilie upande mmoja. Kasini na guari bado hazipatani; zimekosa tu njia ya kutengana mbele ya macho yako.

Kiasi chake kinachekesha. Kwa kilo moja ya rojo tia gramu 1 hadi 2 za guari, na karagenani ya kapa gramu 0.15 hadi 0.2 tu. Ukitia gramu 2 za karagenani umepika pudini. Mizani ya jikoni haipimi udogo huo, kwa hiyo changanya vizuri gramu 5 za karagenani na gramu 495 za sukari, uhifadhi kwenye kopo kavu. Kila kilo ya rojo itachukua gramu 15 hadi 20 za sukari hiyo, nawe upunguze sukari ya kawaida kwa kiasi hicho. Pasha rojo hadi nyuzi 80 huku ukikoroga, la sivyo unga hautayeyuka wote na utalaumu kiwanda bure.

Na shangazi? Paje na Jambiani ndiko kilimo cha mwani cha biashara kilikoanzia Zanzibar mwaka 1989, baada ya utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima wengi hadi leo ni akina mama. Muulize kwanza analima upi. Bahari ilivyozidi joto, kotonii imekuwa ikifa, na wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ya chini. Hiyo hutoa iota, siyo kapa tuliyoisema: hupenda kalsiamu, na jeli yake ni laini, nzuri kwa jemu. Ukiuosha mwani, ukauloweka, ukauchemsha na kuuchuja, karagenani utaipata, lakini nguvu ya uji ule hubadilika kila sufuria, wakati wewe unahitaji sehemu ndogo ya gramu. Askrimu ya kula na wanao, jaribu. Ya kuuza, nunua unga. Linaniuma kusema hivyo, maana mwani wetu unaondoka mkavu kwenye magunia na kuturudia ukiwa unga wa bei ya kutisha.

Bibi, nikipika mchuzi, tui linakatika. Mama mkwe anasema ni mimi sikorogi. Ni kweli? – Bi harusi, Mombasa

Mama mkwe ana haki, japo si yote. Tui ni matone ya mafuta yaliyozungukwa na protini za nazi, ambazo ndizo zinazoyazuia yasiungane. Moto ukizidi, protini zinakaza na kugandana, mafuta yanatoka. Ndimu na ukwaju huleta matokeo hayo hayo hata kwa moto mdogo. Kwa hiyo tui zito litie mwisho, moto uwe wa chini, koroga bila kuacha, na ndimu ikamuliwe sufuria ikishaepuliwa. Ukiona tui la kopo linavumilia kuliko lako usihuzunike. Soma lebo, mara nyingi limetiwa gundi.

Shikamoo Bibi. Mwalimu ametuambia kuna samaki wasioganda kwenye bahari ya barafu, na kwamba protini yao inatiwa kwenye askrimu. Ni kweli, na je, inanuka samaki? – Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Dodoma

Marahaba. Mwalimu wako anasoma. Maji ya bahari ya Antaktika hufikia nyuzi 1.9 chini ya sifuri, ilhali damu ya samaki wa kawaida huganda karibu na nyuzi 0.8 chini. Mwaka 1969 Mmarekani Arthur DeVries na mwenzake walichapisha kwamba damu ya samaki wa huko ina protini zilizobeba sukari. Leo tunajua zinavyofanya kazi: zinang'ang'ania uso wa fuwele changa ya barafu, maji yakakosa pa kujipanga, fuwele ikadumaa. Ni tofauti na guari, inayofanya kazi kwenye sharubati bila kuigusa barafu yenyewe.

Protini ya jamii hiyo, iliyofanana na ya samaki mmoja wa Atlantiki ya kaskazini, iliruhusiwa kwenye askrimu za Ulaya mwaka 2009. Hakuna samaki anayevuliwa kwa ajili yake, kwani hutengenezwa na hamira iliyowekewa jeni ya protini hiyo. Hainuki samaki.