Maswali na Majibu: Kamera, Harusi za Lamu na Pesa ya Sanaa

Haya, maswali yenu nimeyasoma yote, yanayofanana nimeyaunganisha. Mimi nashuti filamu fupi na nachora, naishi Mkomani hapa Lamu mjini, kwa hivyo najibu kwa ninavyoona huku kwetu, ya Nairobi waulizeni walioko Nairobi.

Nina simu tu, sina kamera. Naweza kuanza filamu? (Kijana, Langoni)

Waweza, anza hata leo. Filamu nyingi za vijana wetu haziharibiki kwa picha, zaharibika kwa sauti. Mtu amshuti nahodha pale gatini, picha mashallah, lakini kusi yavuma mpaka hata jina la mzee hulisikii. Pesa ya kwanza ukipata nunua maiki ndogo ya kubana kwa nguo, na ile manyoya yake ya kukinga upepo, kamera itakuja tu. Halafu ukishuti ndani usiku ukaona mistari inatembea kwa video, simu usiipeleke kwa fundi, ni taa hizo. Umeme wetu ni wa hezi 50, so weka shata (muda kamera inaoacha mwanga uingie kwa kila picha) 1/50 au 1/100 ya sekunde na fremu 25 kwa sekunde, itatulia. Na mahojiano usiyapange karibu na wakati wa swala, adhana zikianza kupokezana mtaa mzima kazi imesimama, na mzee naye ataka kwenda zake msikitini.

Nilishuti tangazo la nyumba ya wageni, sasa naona video imepewa kampuni nyingine ya utalii. Si ni yangu? (Malindi)

Kakangu, pengine si yako, na hapa ntakaa kidogo manake watu wanaumia sana. Tumezoea kudhani aliyeshika kamera ndo mwenye kazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, yasema kazi ukiagizwa na mtu, hakimiliki yahesabiwa imehamia kwake aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hayo maneno ya mwisho ndo riziki yetu! Basi kubalianeni vingine, na muandike kabla hujatoa kamera kwenye mkoba: video ni ya tangazo la nyumba hii, kwa kurasa zake mwenyewe, kwa mwaka mmoja, akitaka kumpa mtu mwingine mnazungumza upya bei, klipu ambazo hazikutumika zabaki kwako, na wewe waruhusiwa kuionyesha kama mfano wa kazi yako. Ukurasa mmoja wa Kiswahili na sahihi mbili, si lazima iwe na maneno ya kizungu ndo iwe mkataba. Mteja akikwambia "sisi ni ndugu bwana, karatasi za nini", mwambie sawa, basi hiyo karatasi tuiandike kindugu. Depositi chukua nusu, na faili safi isiyo na jina lako katikati impe akishamaliza kulipa.

Sasa kwa hii iliyokwisha kutokea, rudi kwa meseji zenu zote za Whatsapp utafute kama mlizungumzia itumike wapi, kisha uende nazo kwa wakili ama uwaulize KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya. Usianze na kumtukana mtu kwa stetasi, waharibu ushahidi wako mwenyewe.

Mimi ni msichana, nyumbani wanasema kamera si kazi ya mwanamke. (Shela)

Dadangu, waambie wahesabu harusi! Siku ya kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa amepambwa, ni wanawake tupu, simu hazitakiwi, na mwanamume mwenye kamera hata mlangoni hafiki. Na bibi harusi bado ataka kumbukumbu nzuri. Hiyo ni kazi ambayo mimi na ujuzi wangu wote siwezi kuipata, wewe waingia na buibui lako.

Lakini ni amana. Memori kadi isitoke mkononi mwako, usiediti saiba, usimpe kaka yako "akusaidie kidogo", mkabidhi mwenyewe na mkubaliane nakala yako yafutwa lini. Klipu moja ikivuja mji huu utakufunga mlango, na watakuwa na haki. Ukija kutaka kufanya filamu yako pia, wale mabibi waliokuzoea watakwambia mambo ambayo mimi sitaambiwa maisha, ila ruhusa ya harusi si ruhusa ya filamu, omba upya.

Harusi zinalipa, uchoraji haulipi. Niache?

Usiache. Ramadhani harusi hakuna, huo ndo mwezi wako wa kuchora. Na chora vidogo! Wageni wanaondokea uwanja wa ndege wa Manda na ndege ndogo, mizigo yapimwa, turubai la mita mbili atalisifu tu kisha aliache. Karatasi ama kitambaa kisicho na fremu, cha kukunjwa kama mkeka, hicho anabeba.

Matamasha ya filamu yanataka hadithi gani kutoka huku?

Si punda na machweo, hizo zimeshiba kila mahali. Ile dau ya plastiki, Flipflopi, iliundwa hapa hapa Lamu na mafundi wetu, ikavishwa ndara kuukuu, 2018 ikashushwa majini na 2019 ikaenda mpaka Zanzibar. Kamera zilitoka mbali kuja kuishuti, wengi wetu tulikuwa twaipita tukienda dukani. Hapo ndo yafaa uanzie, kwa fundi unayempita kila siku. Kwa tamasha anza na ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, Kiswahili chako hakihitaji kujieleza kule, ila weka manukuu ya Kiingereza, na filamu nzima usiibandike Youtube kabla, matamasha mengi hayapendi, watumie linki yenye nywila.

Droni je?

Bila idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, usirushe, kanuni zake zipo tangu 2020, na hapa uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya maji, juu ya hayo askari wa Lamu hawana mchezo na kitu kinachoruka. Ukitaka mji wote kwa fremu moja, omba kupanda paa la nyumba ndefu jioni jua likilegea, waupata mpaka mikoko ya ng'ambo, ila kamera usiielekeze nyuani kwa watu.