DNS inajifuta kila nikiwasha mashine (Ubuntu Server)

Bosi, umesema uliandika nameserver 1.1.1.1 (seva ya DNS, yaani inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) kwenye /etc/resolv.conf, ikafanya kazi vizuri hadi stima ilipopotea, na mashine ilipowaka ukakuta maandishi yako hayapo. Hakuna kirusi hapo. Andika `ls -l /etc/resolv.conf` utaona ni kiungo tu kinachoelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf, na vitu vya /run hukaa kwenye RAM, kwa hiyo hupotea mashine ikizimika. Mwenye faili hiyo ni systemd-resolved, huduma ya Ubuntu inayoshughulikia DNS, nayo huiandika upya. Unaandika ubaoni na mwalimu ameshika dasta. Aliyekushauri uifunge kwa `chattr +i` nadhani hajawahi kujaribu, maana amri hiyo hukataa kiungo.

Kabla ya kugusa chochote, piga `ping -c3 1.1.1.1`, kisha ping jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina likikwama, shida ni DNS. Zote zikikwama, achana na DNS kabisa, angalia kebo, anwani na rauta. `resolvectl status` itakuonyesha kila intafesi (kiunganishi cha mtandao) inauliza nani, na hiyo 127.0.0.53 unayoiona ndani ya /etc/resolv.conf ni mashine yako yenyewe.

Sasa unda /etc/netplan/99-dns.yaml, maana netplan ndiyo hupanga mtandao wa Ubuntu Server. Ile 50-cloud-init.yaml iache ilivyo, ya 99 husomwa baadaye na ndiyo hushinda.

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: true
      dhcp4-overrides:
        use-dns: false
      nameservers:
        addresses: [1.1.1.1, 9.9.9.9]

Jina la intafesi lipate kwa `ip -br a`, usinakili langu. Tumia nafasi, si tab. YAML, mtindo wa kuandika faili hii, haina huruma.

Kisha `sudo netplan try`, si apply. Inakupa sekunde 120 ubonyeze Enter, la sivyo inarudisha mipangilio ya zamani. Seva yangu iko Industrial Area nami nalala Rongai. Nikijifungia nje ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) saa mbili usiku, nani atanirudisha huko na foleni ya Lang'ata Road?

Hapo kwenye `use-dns: false`, inayokataa DNS inayotolewa na rauta, fikiria kwanza. Kama ofisini kuna printa au seva ya mafaili inayojulikana kwa jina kupitia rauta pekee, 1.1.1.1 hailijui jina hilo. Hapo badala ya kuizuia rauta kwenye seva, ingia kwenye rauta yenyewe ubadilishe DNS inayouliza huko nje, na kompyuta zote za ofisi zitafuata.