Jibu: Kompyuta mbili zina intaneti lakini hazionani

Mkuu, kama laptopu ya Wi-Fi na ile ya mezani iliyo kwenye waya zote zinapata intaneti ila hazionani, usihangaike kuweka Windows upya. Waya na kadi ya mtandao ni nzima, shida iko kwenye mipangilio.

Fungua cmd (dirisha la Windows la kuandikia amri) kwenye kila mashine, andika ipconfig, soma mstari wa IPv4, yaani anwani ya mashine kwenye mtandao. Ukikuta moja ni 192.168.1.12 na nyingine 192.168.0.7, basi kwa kawaida ziko kwenye mitandao miwili. Mara nyingi kuna ruta ya pili imechomekwa nyuma ya ile ya kwanza na inagawa anwani zake yenyewe. Hiyo ruta ya pili izimie DHCP (huduma ya kugawa anwani), kisha toa waya kwenye tundu lake la WAN (la kuingizia intaneti) uchomeke kwenye LAN (la vifaa vya ndani).

Sehemu tatu za mwanzo za namba zikilingana, hakikisha laptopu haiko kwenye Wi-Fi ya wageni, maana ruta nyingi huzuia vifaa vya huko kuonana na vingine. Halafu, kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, weka mtandao uwe Private (wa nyumbani unaouamini), si Public (wa hadharani), kwenye mashine zote mbili. Hapa ndipo wengi wanapokwama.

Na tafadhali usiiamini ping (amri ya kupima kama mashine nyingine inajibu) peke yake, firewall ya Windows (ukuta wake wa ulinzi) mara nyingi huizuia hata kama kila kitu kiko sawa. Kwenye mashine moja jaribu kuandika namba ya ile nyingine, mfano \\192.168.1.12 kwenye File Explorer. Ikifunguka kwa namba na kwa jina la kompyuta ikagoma, mtandao wako ni mzima, kinachosumbua ni majina tu.

Ikigoma kote, bandika hapa majibu ya ipconfig ya mashine zote mbili tuyaangalie.