Kuchezea Vita vya Kale Mkekani: Ushauri kwa Kundi Linaloanza Zanzibar

Marafiki wanaotaka kuanza kucheza mapambano ya kihistoria kwa vipande vidogo huuliza kwanza habari ya vifaa: askari wa plastiki wanunuliwe wapi, wapakwe rangi gani, meza iwe ya ukubwa gani. Nashauri swali hilo lisubiri. Jambo la kwanza ni kuchagua pambano na kujua kila mchezaji atakuwa akitafuta nini ndani yake, kwani vifaa hupatikana hata kwa fundi seremala wa mtaani, lakini pambano lililochaguliwa vibaya huwavunja watu moyo na wiki ya pili kila mmoja amerudi kwenye dhumna na keram yake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, maelezo ni mafupi. Mkeka au meza hugeuzwa uwanja wa vita, kila kipande kikasimamia kikosi au meli, mwendo ukapimwa kwa futikamba, na matokeo ya risasi na mizinga yakaamuliwa kwa bahati iliyowekewa kanuni. Mwaka 1824 afisa mmoja wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa aina hiyo uliochezwa juu ya ramani kwa vibao vya rangi mbili, mwamuzi akiwa kati ya pande zote. Namtaja kwa sababu vibao na mwamuzi, kwa uzoefu wangu wa kucheza na wenzangu hapa Unguja, vinatufaa sisi kuliko sanamu za kupendeza zinazoonekana kwenye picha za wachezaji wa Ulaya.

Sanamu hizo, ambazo mara nyingi huwa na kimo cha milimita 28, huagizwa kutoka nje, na ukishalipia bei yake bado kuna gharama ya kuzisafirisha, kisha rangi, brashi na jioni nyingi za kuinamisha shingo. Lipo pia jambo ambalo kijana anayeanza huenda asilifikirie: nyumba nyingi za kwetu hazipendi kuwekwa sanamu za watu sebuleni, na mwenye nyumba ana haki ya kusikilizwa. Sisi tulikubaliana tangu mwanzo kutumia vibao tu, na sijaona mchezo ukipungukiwa na kitu. Mabaki ya mbao ya seremala, yakikatwa urefu wa vidole viwili na kupigwa msasa, huwa vikosi. Upande mmoja unaandikwa jina la kikosi kwa wino usiofutika, na upande wa pili unaachwa mtupu ili adui asijue kilichosimama mbele yake. Kata vibao vinene kidogo. Karatasi na kadi nyepesi hupeperushwa na feni ya dari, na hapa hakuna anayekubali kuzima feni mwezi wa Februari.

Meli ni rahisi zaidi. Ukitumia kipimo cha moja kwa 1200, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa na urefu wa takriban mita 115, inakuwa kibao cha chini kidogo ya sentimita kumi, chenye ncha mbili na misumari midogo mitatu badala ya mabomba ya moshi. Mtoto wa jirani aliiona mara moja tu akajua kuwa ni meli.

Suala la dadu nalo lizungumzwe mapema na kwa heshima. Wapo kati yetu wanaoona kuwa dadu haifai hata pasipo kamari, na rafiki hapaswi kulazimishwa kuchagua kati ya dini yake na baraza lake. Badala yake tunatumia mfuko wa kitambaa wenye vibao sita vilivyoandikwa namba 1 hadi 6, na anayepiga mzinga huchomoa kimoja. Hapa pana siri ya kihesabu inayostahili kueleweka: kibao kikirudishwa mfukoni kila mara, bahati huwa sawasawa na ya dadu, kisiporudishwa mpaka vyote sita vimalizike, basi kila upande, ukiwa na mfuko wake, utapata namba kubwa na ndogo kwa uwiano, na anayekumbuka vilivyokwisha kutoka atajua wakati wa kuthubutu. Mimi napendelea njia ya pili kwa wanaoanza, maana hakuna anayeondoka akilalamikia mkosi.

Sasa nirudi kwenye uchaguzi wa pambano. Karibu kila kundi la hapa hutaka kuanza na vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, na nawaelewa, kwa kuwa uwanja wenyewe tunaupita kila siku tukienda Forodhani. Lakini yatazameni mambo yalivyokuwa. Baharini zilikuwapo manowari tano za Kiingereza chini ya Admeri Harry Rawson. Upande wa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani, kulikuwa na watu wapatao 2800, wengi wao raia, watumishi na watumwa wa kasri, bunduki za Maxim chache, mizinga midogo, mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17, na meli ya mbao Glasgow. Mizinga ilianza kulia dakika mbili baada ya saa tatu asubuhi, na kwa hesabu inayotajwa zaidi yote yakawa yamekwisha katika dakika 38. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ukiyaweka hayo mkekani kama yalivyo, mchezaji mmoja atakuwa akichomoa namba na mwenzake akiondoa vibao, na hilo haliwezi kuitwa mchezo.

Dawa si kumwongezea Khalid mizinga ambayo hakuwa nayo. Kubadilisha nguvu za kweli ili pambano lisawazike ni kuwadanganya wachezaji kuhusu yaliyowapata babu zetu. Dawa ni kurudisha saa nyuma. Sayyid Hamad bin Thuwaini, sultani wa Zanzibar, alifariki tarehe 25 Agosti, na siku hiyo hiyo Khalid akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Manowari hazikuwa zimekamilika bandarini, kwani St George, meli ya Rawson mwenyewe, ilifika tarehe 26. Hapo ndipo penye mchezo. Mchezaji mmoja awe Khalid, mwingine awe balozi wa Kiingereza Basil Cave anayesubiri simu ya maandishi kutoka London, wa tatu awe Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar, mwenye askari wanaomtii, wa nne awe balozi wa Kijerumani, ambaye hakuna mwenye uhakika na anachokitaka. Zamu zipimwe kwa saa za siku hizo mbili, barua zipite kwa maandishi mikononi mwa mwamuzi, na mshindi asihesabiwe kwa waliokufa. Khalid anashinda akipata makubaliano yoyote au akiokoa watu wake wengi kuliko ilivyotokea. Cave anashindwa iwapo mizinga italia kabla hajapata idhini. Mara ya kwanza tulipoucheza hivi, waliokuwa wakipiga makelele ya mpira barazani walinyamaza wakavuta viti kusogea.

Kanuni hiyo hiyo hufaa kwa asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilipoikuta Pegasus ya Kiingereza ikiwa imetia nanga bandarini Zanzibar kwa ajili ya matengenezo. Kwa idadi, mizinga haikupishana sana: kumi ya sentimita 10.5 kwa nane za inchi nne. Tofauti ilikuwa masafa, kwa kuwa Mjerumani alifika mbali zaidi, na mvuke, ambao Pegasus hakuwa nao wa kutosha kuondoka. Pegasus ilizama, na makaburi ya mabaharia wake yako kisiwani Chapwani mpaka leo. Mkekani, Pegasus haiwezi kutarajiwa kuizamisha Königsberg. Lakini mchezaji wa Königsberg hajui kama kuna manowari nyingine karibu, na makaa yake ni ya kuhesabika, kwa hiyo kila zamu anayobaki inamgharimu. Mwamuzi anachomoa kibao kwa siri na kuandika ni zamu ya ngapi msaada wa Waingereza ungefika. Anayecheza Königsberg hutokwa jasho kweli kweli, na mwenzake wa Pegasus hupata ushindi wa haki kwa kila zamu anayoendelea kupiga mizinga.

Hata hivyo, kwa kundi jipya nisingeanza na hayo mawili. Anzeni na pambano la Shela, huko Lamu, lililopiganwa yapata mwaka 1812 kati ya watu wa Lamu na majeshi ya Mombasa na Pate yaliyoshuka ufukweni kwa majahazi. Linahitaji vibao kama ishirini tu, silaha za pande zote zinafanana, na bahari yenyewe ni mchezaji. Masimulizi yanaeleza kuwa wavamizi waliporudi nyuma walikuta maji yamekupwa na majahazi yamekwama mchangani, wakauawa pale pale. Tandikeni kitambaa cha buluu kwenye ukingo wa mkeka, na kila zamu mwamuzi akivute nyuma kwa upana wa vidole viwili. Jahazi lililoachwa na kitambaa haliondoki tena mpaka maji yajae. Mtu aliyekulia pwani haelezwi kanuni hii mara mbili. Mvamizi huanza kuitazama bahari iliyo nyuma yake kuliko adui aliye mbele, na huo ndio wasiwasi ambao nahodha wa kweli angekuwa nao.

Mwamuzi nimemtaja mara nyingi kwa sababu ndiye roho ya kundi. Awe anayezijua kanuni kuliko wote, na asicheze. Kundi lisilo na mwamuzi huishia kutawaliwa na mwenye sauti kubwa au mwenye kumbukumbu ya vitabu. Ubishi usiomalizika kwa kufungua karatasi ya kanuni ukatwe kwa kuchomoa kibao, mchezo uendelee, na hoja izungumzwe baadaye kwa kahawa. Wakati wa kumaliza nao utajwe kabla ya kuanza. Sisi hukutana baada ya sala ya Isha na huacha kabla usiku haujawa mkubwa, hata ikibidi mwamuzi atangaze matokeo kwa namna vibao vilivyosimama. Mke wa mwenye nyumba ambaye anaamini ahadi ya saa nne ndiye anayetupa mlango wiki inayofuata.

Kuna mapambano ambayo hatuyachezi. Januari 1964 haiwekwi mkekani kwetu, na sidhani kama itawekwa katika uhai wangu. Wazee waliopoteza ndugu bado wako hai, wengine wanakaa baraza hiyo hiyo, na watoto wa pande tofauti ndio wanaokaa pamoja kuzunguka mkeka. Hata katika vita vya 1896 tumeweka desturi ya kusoma kwa sauti, mwishoni, idadi ya waliouawa na kujeruhiwa, na kusema kuwa wengi wao walikuwa watumishi na watumwa ambao hawakuulizwa. Mgeni mmoja aliwahi kusema kwamba jambo hilo linaharibu furaha. Mimi naliona kuwa ni deni.

Kuhusu kusoma, kabla ya kila pambano mmoja wenu apewe kazi ya kutafuta habari na kuwaeleza wenzake kwa robo saa bila karatasi. Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani zina mengi kwa mwenye subira ya kukaa na kuandika. Kwa vita vya mjini, tembeeni uwanjani wenyewe: simameni kwenye ukuta wa Forodhani jioni, mgeuke kulitazama kasri kisha bandari, na mtaelewa kwa macho yenu kwa nini manowari zilizotia nanga pale hazikuhitaji kulenga sana.

Ngome ya Wareno ya Mombasa, iliyozingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, iacheni mpaka kundi limeshikamana. Mchezo wake ni wa chakula, maradhi na kungoja meli kutoka Goa, unachukua wiki kadhaa, na unahitaji watu wanaorudi. Wekeni Shela kwanza, mtu mmoja akate vibao, mwingine alete kitambaa, wa tatu aandike kanuni zisizozidi ukurasa mmoja.